Kofia ya jeli ya kipandauso, baada ya miezi saba

Nliinunua Kariakoo mwezi wa 11, elfu 35, muuzaji alianzia 50. Ni kofia ya kitambaa kinachovutika kama soksi, ndani imejazwa jeli, unaiweka kwenye frizi masaa mawili halafu unaivaa na kuishusha mpaka ifunike macho. Na hapo kwenye macho ndo uzuri wake, maana mi kichwa changu kinaanzia nyuma ya jicho la kushoto na kikishapanda hata mwanga wa simu siutaki, kwaiyo baridi unapata na giza unapata. Zamani nlikuwa najifunga khanga iliyoloweshwa maji, mto wote unaloa na mume wangu analalamika.

Siku ya kichwa chenyewe inasaidia, sitawadanganya. Ukiiwahi lakini. Mi najijua, shingo ikianza kukaza na nikawa napiga miayo hovyo wakati nimelala vizuri tu, najua leo kinakuja, hapo nikivaa nalala nikiamka kimepungua. Ila ukichelewa mpaka umeanza kutapika hapo hata ujivike frizi lenyewe hamna kitu.

Sasa mambo ambayo muuzaji hakusema. Joto la Dar la mwezi wa pili hii kofia dakika 20 tu ishakuwa uji, unahitaji mbili za kupokezana. Umeme ukikatika ndo basi tena, kuna siku nlimtuma mtoto akaniombee nafasi kwenye frizi la jirani anaeuza barafu. Halafu inanyonya harufu jamani, wiki ya kwanza nliiweka karibu na vibua, siku kichwa kimeanza naivaa nasikia samaki mpaka puani, nikatapika kabla hata kichwa hakijakolea. Saivi inakaa kwenye kopo la mfuniko peke yake. Na kama umesuka rasta sahau, haiingii, ikiingia inabana na kubana kwenyewe ni kichwa kingine, mi nimerudi kwenye twende kilioni za kawaida tena nazisuka bila kukaza.

Lakini kilichonifanya niandike hii rivyuu ni boksi lake, limeandikwa eti inazuia kipandauso. Haizuii chochote. Nlikaa nayo mwezi na nusu na kichwa kiko palepale, siku 17 au 18 kwa mwezi, na kila siku namezea vidonge vya maumivu vile vyenye kafeini nanunua duka la dawa pale stendi kama pipi.

Ndo dadaangu akanilazimisha niende kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Hakunipima hata na mashine, alinambia nenda kaandike kwenye daftari mwezi mzima, siku kichwa kimeuma, umelala saa ngapi, umekula saa ngapi, hedhi, na kila kidonge umemeza. Nimerudi kahesabu, siku 22 za vidonge. Akanambia mama, hapa vidonge navyo vinakuletea kichwa, vya kawaida ukifika siku 15 kwa mwezi na hivi vya mchanganyiko siku 10 tu, miezi ikienda vinageuka vinakuwa ndo sababu. Mi nlikuwa naona najitibu kumbe nalisha ugonjwa! Kuviacha wiki mbili za kwanza niliona moto, kazini wakadhani nina mimba.

Akaniandikia propranolol, ambayo ni dawa ya presha na mi sina presha, ila inatumika kuzuia kipandauso, unakunywa kila siku kiume kisiume. Kabla hajaandika aliuliza kama nina pumu maana mwenye pumu hapewi hii, kwaiyo msije mkajinunulia sababu mmesoma kwangu. Akaniuliza pia kama kabla ya kichwa naona vimulimuli, maana nlikuwa natumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, na anaeona vimulimuli vile havimfai, vinaongeza hatari ya kiharusi. Nlikuwa naona, nikabadilisha njia. Miaka minne navimeza hamna aliewahi kuniuliza.

Mwezi wa kwanza sikuona tofauti zaidi ya vidole kuwa baridi na kuchoka nikipanda ngazi, alishanambia nisihukumu kabla ya miezi miwili. Mwezi uliopita daftari lina siku 5. Chai ya asubuhi siiruki tena, saa nne usiku nimezima taa hata wikiendi, hiyo ya wikiendi ndo ngumu kuliko dawa.

Kofia bado naitumia kwenye hizo siku 5, naipa nyota 3. Ingepata ya 4 kama wangefuta lile neno kwenye boksi. Chukueni nyeusi, ya dada ni ya pinki ishafubaa na ina alama ya wanja machoni haitoki.