Kihisi cha gesi MQ-6: kinafaa kwa kengele, si kwa kupimia

Ukitaka kengele ya gesi ya kupikia kwa gharama ndogo, MQ-6 ya kampuni ya Winsen itakufaa. Ukitaka kujua gesi imefika kiwango gani hasa, usiinunue. Wauzaji wengi huchanganya kazi hizi mbili, na hapo ndipo watu wanapopoteza pesa.

Chini ya wavu wa chuma kuna kibomba cha kauri kilichopakwa oksaidi ya bati, na ndani yake waya wa hita. Punje za oksaidi zikipata moto, oksijeni ya hewani huzing'ang'ania na kuzinyang'anya elektroni, hivyo ukinzani, yaani ugumu wa kupitisha umeme, hupanda. Propani na butani zikifika, huungua kwa oksijeni hiyo, elektroni hurudi na ukinzani hushuka. Mvumbuzi Naoyoshi Taguchi alibuni kihisi cha aina hii Japani mwaka 1962. Watafiti waliokuja baadaye wamebaini kwamba punje zikiwa ndogo kuliko nanomita 6 hivi, wepesi wa kuhisi gesi hupanda ghafla, kwa sababu upungufu wa elektroni huenea punje nzima. Lakini punje hizo zikikaa kwenye joto huungana na kukua. Ni moja ya sababu vihisi hivi hubadilika kadiri vinavyozeeka.

Kasoro inayoudhi zaidi haiko kwenye kihisi, iko kwenye kibao chake. Kigeuze utafute rezista ya mzigo, ile inayogawana volti na kihisi. Moduli nyingi (kihisi na kibao chake) za bei nafuu zina rezista iliyoandikwa 102, yaani omu 1,000, ilhali MQ-6 kwenye gesi ya sehemu 1,000 kwa milioni huwa na ukinzani wa kiloomu 10 hadi 60. Chukua kihisi cha kiloomu 20: kwa umeme wa volti 5 kitatoa volti 0.24 tu. Weka rezista ya 203, kiloomu 20, utapata volti 2.5, na tofauti kati ya hewa safi na hewa yenye gesi itaonekana wazi. Ni kazi ya dakika chache kwa mwenye mkono mzuri wa kulehemu.

Ukisoma volti hiyo kwa ESP32, kompyuta ndogo ya kudhibiti vifaa, pini zake hazivumilii volti 5. Gawanya volti kwa rezista za kiloomu 100 na 150, kisha weka kapasita ya nanofaradi 100 kwenye pini ya kusomea. Ukigawanya kwa kiloomu 10 na 15, zitavuruga ile rezista mpya ya mzigo.

Hita inakula takriban miliampea 150 muda wote. Betri ndogo zitaisha upesi, na pini ya Arduino, kibao kingine cha kudhibiti vifaa, haiwezi kuibeba. Chukua umeme moja kwa moja kwenye chanzo cha volti 5. Kihisi kipya kiache kimewaka angalau saa 24 kabla ya kupanga kiwango cha kengele. Kipange palepale kitakapofungwa, kwa sababu unyevu hushusha ukinzani: kilichopangwa Nairobi wakati wa kiangazi kinaweza kupiga kelele bure Mombasa wakati wa masika.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo kifunge sentimita 30 hivi kutoka sakafuni, mbali kidogo na moto wa jiko. Butani huanza kuwaka ikifika asilimia 1.8 ya hewa, sawa na sehemu 18,000 kwa milioni. Kengele ilie mapema, kwenye 1,000 hadi 1,800. Kengele ikilia, funga mtungi na fungua madirisha, usiguse swichi yoyote, kwani hutoa cheche. Kwa sababu hiyohiyo, usiunganishe relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ya kuwasha feni: cheche yake yatosha kulipua.

Kasha lisizibwe kwa gundi ya silikoni. Mvuke wake hugeuka tabaka la silika, kitu kama kioo, juu ya punje, na kihisi hufa ganzi moja kwa moja huku taa ya moduli ikiendelea kuwaka kama kawaida. Tumia skrubu na mpira wa kuzibia.