Kokteli ya Frank Sinatra Mji Mkongwe: wiski sawa, barafu sasa...

Jamani nimeulizwa na watu kama watatu hivi kama ile kokteli ya Sinatra inafaa hela yake, naandika mara moja nipumzike. Kinywaji chenyewe kinafaa. Ila kabla hujaonja nusa kwanza barafu.

Mie ni fundi friji na AC, mtu wa bara, huu mwaka wa tisa nipo Unguja, kwaio nikiongea sana habari za barafu mnivumilie. Jumamosi nikapanda na rafiki yangu mmoja wa Makunduchi kwenye baa iliyo juu ya paa la hoteli, jina nabaki nalo maana mitaa ile ndo nnapopatia riziki. Yeye hanywi, kaja kupunga upepo tu, kaagiza juisi ya ukwaju. Mie nikaona kwenye menyu kokteli ya kumuenzi Frank Sinatra, shilingi 28,000, nikasema leo acha nijaribu, nikijua italetwa na nanasi pembeni na karafuu zinaelea maana huku kila kitu lazima kitiwe viungo ili mgeni apige picha. Wapi! Wiski, barafu, maji. Basi.

Rafiki yangu akaangalia glasi akaniangalia mie, "Yakhe, elfu ishirini na nane hiyo umelipia maji?"

Lakini ndo ilivyo, hawajaniibia. Sinatra, yule muimbaji wa Marekani aliezaliwa Hoboken 1915 akafariki 1998, alikuwa anakunywa hivohivo: glasi fupi, vipande vitatu vya barafu, Jack Daniel's vidole viwili, na maji kidogo ya kudondoshea juu. Vidole viwili maana yake unavilaza ubavuni mwa glasi kuanzia chini na unamimina mpaka vifikie, kama mililita 60 hivi, ingawa vidole vyangu vya spana na vya yule dada wa kaunta tukipima wote mtu mmoja atalewa mapema. Inasimuliwa hata kuzikwa alizikwa na chupa yake. Na hio wiski asilimia 80 ya nafaka yake ni mahindi, yani ndugu yake ugali, afu kabla ya kuingia kwenye mapipa wanaichuja tone tone kwenye mkaa wa mti. Mkaa huo ndo unaifanya isikwaruze koo.

Sasa tatizo. Wamenitilia zile barafu nyembamba zenye tundu katikati. Barafu yenye tundu inashika joto ndani na nje, kwa joto la Mji Mkongwe dakika tano tu ishakuwa maji, wiski imepauka kama chai ya msibani. Nikanyamaza. Aliekuja kugundua makubwa ni huyu mwenzangu, mtoto wa mvuvi, kapiga funda moja la ukwaju akaiweka glasi chini taratibu akasema hii juisi ina pweza. Nikanusa yangu. Kweli bwana, pweza! Barafu hainuki yenyewe, inavuta harufu ya kilicholala nayo, ukiweka ndoo wazi kwenye friza moja na samaki unategemea nini? Na juu ya hapo ina kachumvi kwa mbali, nadhani wamegandisha maji ya kisima. Kwenye soda usingejua, lakini hapa hamna sukari wala ndimu ya kuficha kitu.

Nikamwita kijana wa kaunta, "Kaka samahani, hii barafu imelala na pweza?" Hakubisha, niseme ukweli, akacheka kwa aibu akaomba radhi, akaenda chini akarudi na mabonge matatu makubwa yaliyogandishwa kwa maji ya chupa, akamimina upya bila kuongeza bili. Hio ya pili nyie acheni tu. Inaanza kama ndizi mbivu, afu sukari iliyoungua kidogo, afu moshi kwa mbali, na kadri barafu inavoyeyuka taratibu ndo inazidi kulainika. Nimekaa nayo karibu saa nzima. Adhana ya magharibi ikaanza wakazima muziki, tukabaki tunaangalia majahazi, na hapo ndo ilinoga zaidi, maana muziki wenyewe walikuwa wanapiga amapiano, Sinatra yupo kwenye menyu tu.

Afu swali dogo, Bi Kidude, muimbaji wetu wa taarab, tumemzika hapahapa 2013, mbona yeye hana glasi? Hata ya tangawizi bila kilevi, huyu mwenzangu angeagiza mbili.

Glasi ya kwanza nyota 1, ya pili 4, nyota moja nimeizuia sababu ya bei. Ukienda sema kabisa barafu kubwa, maji ya chupa. Jumanne kijana wa kaunta kanipigia nikawaangalizie friza, mpira wa mlango ulishakufa zamani na pweza alikuwa bado yumo.