Banda la kuku kumi la nyuma ya nyumba: nimelitumia, hesabu zake hizi hapa

Kifurushi chenyewe ni hiki: banda la mbao lenye miguu, kuku chotara kumi wa miezi miwili, vyombo vya maji na chakula, na nusu gunia la chakula cha kukuzia. Bei shilingi 520,000, na wanakuletea mpaka mlangoni ukiwa ndani ya Manispaa ya Morogoro. Wauzaji ni karakana ndogo ya maseremala wanaojitangaza kwenye makundi ya WhatsApp. Tangazo lao linasema banda linabeba kuku 25 na kwamba ukifika mwezi wa sita unaanza kula faida.

Mimi nakaa Kihonda, hapa hapa Morogoro. Kiwanja chetu ni cha kawaida tu, nyuma kuna bustani ya mboga, migomba michache na mpapai. Kazi yangu ni uhasibu, kwa hiyo mtu akinitajia faida mkono unaenda wenyewe kwenye kalamu. Nimelitumia banda hili masika yote na lile joto la Januari na Februari, sasa naweza kulisemea.

Nianze na mbao, maana ndizo zinazochukua sehemu kubwa ya hela yako. Banda lina urefu wa mita 2 na upana wa mita 1.2, limeinuliwa kama kimo cha goti na kidogo. Sakafu ni fito zilizoachiana nafasi, kinyesi kinadondoka chini na unakizoa kwa koleo bila kuingia ndani. Hilo nimelipenda sana. Aliyewahi kufagia banda la sakafu ya udongo wakati wa mvua anajua ninachosema. Mlango ni mpana, komeo ni la chuma, maungio yamekazwa kwa skrubu. Fundi wao ana mkono mzuri, sina ubishi.

Lakini kuku 25 hawaenei. Eneo lote ni mita za mraba 2.4, na kuku mkubwa wa chotara ana mwili. Kumi wanakaa vizuri, kumi na mbili wanavumiliana kama mchana unawafungulia. Ukizidisha hapo wanaanza kudonoana manyoya ya mkiani, na wakishaonja damu hawaachi. Nilipomwambia fundi, akanijibu, "Mama, hao 25 ni wale vifaranga." Vifaranga nao wanakua, baba.

Viota viko vitatu, vinatosha, kwani kiota kimoja kinahudumia mitetea wanne au watano. Tatizo ni pale vilipowekwa: juu kuliko fito za kulalia. Kuku akiona giza linaingia hutafuta sehemu ya juu kabisa, kwa hiyo wote walikuwa wanalala viotani, wanajisaidia humo humo, na asubuhi yai linatoka limepakaa. Nikamwita fundi akashusha viota na kupandisha fito. Alikuja bila kununa na hakunidai hela, tangu siku hiyo mayai yanatoka safi. Ukiagiza, mwambie afanye hivyo kabla hajapigilia.

Wavu ndio udhaifu mkubwa. Wameweka ule mwepesi wa matundu ya pembe sita, ambao kazi yake ni kumzuia kuku asitoke. Kumzuia kicheche asiingie ni kazi nyingine kabisa. Kwetu vicheche wapo, na paka shume pia. Kwa jirani wa nyumba ya tatu kicheche aliingia usiku mmoja akaua karibu wote, akala mmoja. Mimi sikusubiri: upande wa chini wote nilifunga wavu mzito wa chuma wa kuchomelea, wenye matundu madogo. Hiyo ni gharama ya ziada ambayo tangazo haliitaji, na ningependa waiingize kwenye bei toka mwanzo kuliko kumwachia mteja aje kujifunza kwa mizoga.

Paa ni bati tupu. Kwa Morogoro ya Januari, saa nane mchana, humo ndani ni tanuri. Kuku hatoi jasho, anahema mdomo wazi na mabawa ameyaachia, na akiwa hivyo kula anapunguza na mayai yanapungua. Nimetandika nyasi kavu juu ya bati na nimelihamishia banda kwenye kivuli cha migomba, limetulia. Miguu nimeisimamisha kwenye makopo yenye oili chafu kwa sababu ya mchwa. Udongo wa Kihonda mnaujua.

Sasa kuku wenyewe. Waliniahidi mitetea tisa na jogoo mmoja. Siku wanaletwa niliangalia vichwani: watatu upanga umeshaanza kuwa mwekundu na miguu mirefu minene, yaani majogoo watatu. Kwa miezi miwili chotara unaweza kuwatofautisha ukiwa na jicho, kwa hiyo wakague kabla gari halijaondoka. Wawili walibadilishwa baada ya simu kadhaa na maneno ya "kesho dada". Kuku wenyewe ni Kuroiler, aina ya chotara ambayo asili yake ni India. Wanakua haraka, hawachagui chakula, na wanataga vizuri kuliko wa kienyeji wetu. Wa kienyeji anakupa mayai 40 hadi 60 kwa mwaka, chotara akitunzwa anavuka 150. Ila hawana habari na kuatamia. Ukitaka vifaranga, tafuta mtetea mmoja wa kienyeji umlalishie mayai yao, siku 21 unapata watoto. Na kama shida yako ni mayai ya kula tu, jogoo humhitaji kabisa, mitetea wanataga bila yeye. Wetu alikuwa anaanza saa kumi alfajiri, na nyuma yetu kuna wapangaji wanaofanya kazi za zamu. Tulimla Pasaka, amani ikarudi mtaani.

Wiki ya kwanza wafungie ndani mchana kutwa. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na ni kweli: ukiwafungulia mapema wanalala juu ya mwembe wa jirani na kazi ya kuwashusha usiku kwa tochi ni yako.

Kuhusu chanjo, muulize muuzaji kadi na usome tarehe. Kuku wa umri huo anatakiwa awe ameshapata ya kideri (mdondo), ya gumboro na ya ndui, magonjwa yanayoambukizana kwa kuku. Wangu walikuja na karatasi iliyoandikwa kwa mkono, tarehe zimepangika vizuri, na sikupoteza hata mmoja kwa ugonjwa, kwa hiyo hapo nawapa haki yao. Kazi inayobaki kwako ni kurudia ya kideri kila miezi mitatu. Ile chanjo ya kideri inayoitwa I-2 ni tone moja jichoni, inastahimili joto kuliko nyingine, na bei yake si ya kumtisha mtu. Kinachosumbua ni kwamba chupa moja ina dozi kwa mamia, wewe una kuku tisa, na ikishafunguliwa huwezi kuiweka mpaka miezi mitatu ijayo. Sisi tumejipanga majirani: tunachanga, mmoja anakwenda duka la pembejeo za mifugo na kopo la barafu, jioni tunapita nyumba kwa nyumba. Afisa mifugo wa kata ndiye aliyetuonyesha namna ya kudondosha. Usipokuwa na majirani wa namna hiyo utanunua chupa nzima kwa ajili ya matone tisa. Na kuku wa sikukuu uliyemnunua Soko la Chifu Kingalu usimchanganye na wako hata kwa usiku mmoja. Mfunge mbali, kideri huingia hivyo.

Haya, faida. Kuku anayetaga anakula takriban gramu 120 kwa siku. Kumi wanakula kilo 1.2, kwa mwezi kilo 36. Gunia la kilo 50 la chakula cha mayai nimelinunua mara ya mwisho kwa 70,000, kwa hiyo kilo ni 1,400 na mwezi mzima ni 50,400. Mayai: wakiwa wamechangamka napata manne kwa siku kwa wastani, kwa mwezi 120, trei nne. Mayai ya aina hii mtaani kwetu trei inakwenda 13,000, jumla 52,000. Kinachobaki ni shilingi 1,600. Gawanya 520,000 kwa 1,600 uone: miezi 325. Mradi utarudisha mtaji baada ya miaka 27, na hapo sijaweka chanjo, wavu mzito, wala ukweli kwamba kuku akishazeeka utagaji unashuka na unatakiwa ununue mwingine.

Baba watoto aliniambia nimewaonea, nikaweka na upande wa pili. Chakula cha dukani sasa nanunua kama theluthi mbili tu ya hicho. Kinachobaki wanakipata kwenye mabaki ya jikoni, mchicha uliokomaa, mapapai yaliyodondoka, na wadudu wanaochakura wenyewe jioni. Tahadhari: visiwe vyakula vyenye chumvi nyingi, na pumba zenye ukungu usiwape hata kama umeuziwa bei ya kutupa, sumukuvu inaua polepole. Na usijidanganye kuwalisha pumba peke yake. Atakula atashiba, yai hutaliona. Anataka mashudu ya alizeti, dagaa kidogo, na chokaa kwa ajili ya ganda.

Halafu kuna mbolea, ambayo kwangu mimi ndiyo imelibeba banda hili. Naizoa kila wiki, naichanganya na majani makavu, nairundika pembeni miezi miwili au mitatu kabla ya kuitia shambani, kwa sababu ikiwa mbichi inaunguza miche. Migomba iliyokuwa imekonda imetoa mikungu ambayo mama mkwe aliipiga picha. Mboga sinunui tena. Ila bustani lazima uizungushie wavu, tena uizungushie kabla kuku hawajafika. Kuku kumi kwenye tuta la mchicha lililoota jana ni dakika kumi tu, hakuna kitu.

Kwa hiyo kama unajiuliza ufuge au usifuge, mimi ningeangalia mambo mawili kabla ya bei. La kwanza, nani yupo nyumbani saa kumi na mbili na nusu jioni, kila jioni, kufunga lile komeo. Nyumba ambayo wote mnarudi saa mbili usiku, na wikiendi mko Dar, hiyo ni nyumba ya kununua mayai dukani. La pili, mnakula mayai kiasi gani. Sisi tuko sita, trei mbili zinaliwa ndani, mbili nawauzia walimu wa shule ya jirani wanaozifuata wenyewe. Nisingekuwa na walaji hao ningekuwa nahangaika na mayai mkononi. Harufu si tatizo ukizoa kwa wakati na kuweka maranda makavu chini, lakini kwa kiwanja ambacho dirisha la jirani liko mita mbili nisingethubutu. Ofisi ya mtaa nayo ipitie kwanza, wana sheria ndogo kuhusu mifugo inayozurura na mwenyekiti wetu huzikumbuka vizuri pale jirani anapolalamika.

Banda nalipa nyota nne kati ya tano, moja imekwenda na ule wavu. Kuku nyota tatu, kwa sababu ya majogoo wa kuficha. Tangazo nyota moja, na hiyo ni kwa ajili ya picha, zilikuwa nzuri.

Ukiwasiliana nao, omba banda peke yake. Hawalisemi, ila wanauza. Jirani yangu nilimpeleka mwezi uliopita, tukapatana 310,000 pamoja na wavu mzito upande wa chini na viota vikiwa vimeshushwa. Kuku alikwenda kuwachagua mwenyewe kwa mfugaji mwingine, mmoja mmoja, akiwashika kichwani.