Tairi za Benz na BMW za zamani hapa Arusha: anza na tarehe, jina la kampuni baadaye

Kama una Benz W124 au BMW E34, zile za miaka ya 80 na 90, au gari lolote kubwa la miaka ile na tairi zimeanza kuwa kipara, soma hii kwanza kabla hujashuka Unga Limited au Kilombero kuuliza bei. Mi nina W124, huu mwaka wa sita naenda nayo Moshi na kurudi karibu kila wiki, na kiukweli pesa niliyopoteza kwenye tairi ni nyingi kuliko niliyopeleka kwenye injini.

Saizi kwanza. W124 nyingi zilitoka kiwandani na 195/65R15 (upana milimita 195, ubavu asilimia 65 ya upana huo, rimu ya inchi 15) na hapo mshukuru Mungu, maana ndo saizi ya Toyota Wish na Premio kibao, kwahiyo karibu kila duka inayo. Wenye E34 ya 225/60R15 ndo wanateseka, hiyo saizi kuipata mpya ni kazi, ila E34 nyingine zilitoka na 205/65R15 na urefu wa tairi zinapishana milimita 3 au 4 tu kwahiyo spidomita haidanganyi. W140 ile S-Class kubwa usicheze nayo kabisa, ni gari la tani mbili, kama imeandikwa 235/60R16 tafuta hiyohiyo hata kama itabidi uagize Dar.

Baada ya saizi kuna namba na herufi, mfano 91H. 91 maana yake tairi moja inabeba kilo 615, H ni spidi mpaka 210, V ni 240. Hapa wauzaji wengi watakwambia kaka we hukimbizi hivyo chukua tu hii ya T, ni kwa 190 na bado hufiki. Sio spidi tu bana. Tairi ya H au V imetengenezwa kuhimili joto zaidi, na ukishapita uwanja wa ndege wa KIA kushuka Moshi saa nane mchana na watu watano na mizigo kwenye buti, joto ndo linaloua tairi. Kwa W124 mi sishuki chini ya 91H.

Sasa tarehe, na hapa naomba mnisikilize. Ubavuni kuna neno DOT na mwisho wake tarakimu nne, 2323 ni wiki ya 23 ya mwaka 2023. Wakati mwingine zipo upande mmoja tu wa tairi kwahiyo igeuze. Miaka ya nyuma nilinunua pea ya mtumba ya jina kubwa la Ulaya, kashata (ile michoro ya juu ya tairi) imejaa, muuzaji ananionyesha vile vinyweleo vya mpira ananiambia cheki kaka hii haijatembea. Hata miezi miwili haikuisha, tunakaribia Boma Ng'ombe, mama yangu yuko siti ya nyuma, usukani ukaanza kutetemeka. Nikaweka pembeni, nikapeleka mkono ubavu wa ndani wa tairi ya mbele, nundu imetoka saizi ya yai la kuku. Namba nilikuja kuisoma palepale barabarani, ilikuwa na miaka zaidi ya kumi. Vinyweleo vinakuonyesha haijatembea, havikwambii imekaa stoo miaka mingapi, na mpira unazeeka hata ukiwa umekaa.

Kwahiyo mpangilio wangu uko hivi.

Namba moja ni tairi mpya ya daraja la kati, Hankook au Kumho za Korea, au Apollo ya India, saizi kamili, 91H au V, tarehe isiyozidi miaka miwili. Zinatulia kwenye mvua na hazipigi kelele, na zinauzika haraka kwahiyo stoo hazikai sana.

Namba mbili ni Michelin, Continental, Bridgestone, Yokohama. Najua wengi wataniuliza kwanini sio za kwanza. Ni tairi bora, sibishi, ila bei inafanya zikae rafuni muda mrefu, na mi nachukua Kumho ya mwaka jana kuliko Michelin ya miaka sita. Ukiikuta mbichi na mfuko unaruhusu, chukua bila kufikiria mara mbili.

Namba tatu Mchina mwenye jina, Linglong, Triangle, Goodride. Kwa anayezunguka mjini tu Njiro, Sakina, Kijenge zinatosha kabisa. Hakikisha ni H na uwe mpole kwenye mvua za Aprili.

Mtumba naiweka chini sana. Nyingi za kutoka Japani ni za theluji, utaona neno STUDLESS au alama ya mlima wenye theluji, mpira wake ni laini kwa ajili ya baridi, kwa lami yetu zinaisha kama kifutio. Na zile za kuchonga kashata upya kwa kisu usinunue hata kwa bei ya soda, chini ya mchongo kunakuwa na waya karibu kabisa.

Kuna wanaotaka rimu za 17 ili gari lipendeze. Sawa, ila rimu za Toyota zenye matundu matano usikubali kulazimishiwa, duara la matundu ya bolti kwa Benz ni milimita 112 na kwa Toyota kama Mark II ni 114.3, bolti zitaingia zimekaa upande na zitalegea. Hata bolti zenyewe, za Benz kichwa chake kwa ndani ni mviringo, nyingi za rimu za madukani ni za koni, haziingiliani.

Ukishanunua simama hapohapo wakati fundi anafunga. Valvu mpya, balansi, alaimenti. Upepo usikubali ile "tunawekaga 40 zote", fungua kifuniko cha mafuta utakuta kikaratasi cha Benz chenyewe kinasema upepo ukiwa peke yako na ukiwa na mzigo, na upime asubuhi tairi zikiwa baridi. Bolti zikazwe kwa spana ya kipimo, 110 Nm, afu endesha mpaka Usa River na kurudi uzikaze tena.

Na ukiwa hapo fungua buti usome tarehe ya spea. Yangu ilikuwa ya 1998.