Pete ya shaba iliyoinyamazisha banjo yangu

Tok! Ndivyo ilivyonijibu pete ya sauti, ile inayokaa kati ya duara la mbao la banjo na ngozi yake, niliyoisubiri miezi kutoka kwa fundi, nilipoining'iniza kwa uzi na kuigonga kwa kijiti. Pete ya shaba nyeusi, yaani shaba iliyochanganywa na stani, ikisubiwa vizuri hulia kama kengele. Ndiyo maana wapiga banjo bado wanazisaka zile za Gibson, kampuni ya ala za muziki ya Marekani, za miaka ya 1930. Hii yangu ililia kama sufuria yenye ufa.

Nilikuwa nimeshaifunga kwenye banjo. Uzi wa tatu ukawa mfu: unaudonoa, sauti inazimika kabla kidole hakijarudi. Nikalaumu ngozi, nikaikaza. Nikalaumu daraja linalobeba nyuzi, nikalisogeza. Mwisho nikaifungua banjo yote, nikaona nikeli imebanduka ukingoni kwa ndani, na chini yake vitundu kama vya mkate. Mchanga wa kalibu ukiwa na unyevu mwingi mno, shaba ya moto huuchemsha, na mvuke hunaswa ndani shaba ikiganda. Hapo mtikisiko haupiti, unamezwa. Hata uchanganye sehemu 80 za shaba na 20 za stani, kama wafanyavyo wasubu kengele, mchanga wenye maji mno unakuharibia yote. Na huyu fundi alijua! Akafunika kwa nikeli ing'ae.

Nilimwandikia kwa adabu. Akajibu: "Wengine hawalalamiki. Jifunze kwanza kupiga." Mimi, niliyemlipa yote mapema na kumsifu kwa wenzangu!

Lakini haki isemwe. Juzijuzi fundi mbao alilikagua duara la mbao la banjo yangu, akakuta ni nene kidogo. Pete ilikuwa imeingia kwa kulazimishwa, na pete iliyobanwa hivyo hailii hata ingekuwa bora namna gani. Akalikwangua mpaka pete ikaingia kwa kusukumwa na viganja tu. Uzi wa kwanza ukafunguka, ukatoa ule ukali mtamu ambao mbao peke yake haiutoi. Nilikuwa tayari kumsamehe fundi wa pete. Amekereza kwa usafi, sikuona hata mkwaruzo. Labda ilikuwa siku yake mbaya.

Kisha nikashuka uzi wa tatu. Bado mfu.

Nilitaka kumpa nyota tatu. Nampa moja, ya kukereza. Vitundu ningevivumilia, yale maneno, hapana. Nimerekodi ile pete ikigongwa, nikamtumia. Hajajibu.