Mfuko wa kodi wa kanisani hapa Moshi, nimeutumia mara mbili na haya ndo niliyoyaona

Watu wanauliza sana kama ule mfuko wa kanisani wa kukopesha kodi ya nyumba unafanya kazi kweli au ni maneno ya mimbarini tu, sasa mi nimeanza nao mwezi wa tatu na niko awamu ya pili acha niseme. Kanisa silitaji maana nina malalamiko pia na bado nasali palepale.

Kwa asiyejua, iko hivi. Chumba cha kawaida tu Pasua, choo cha nje, luku mnachangia, nimepanga kwa 50,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita, yani 300,000 kwa mkupuo, dalali naye anataka mwezi wake mmoja, na hapo ulishatoa 10,000 ya kuonyeshwa nyumba pamoja na zile ambazo ukiingia tu unatamani kutoka. Mi nashona karibu na soko la Memorial, siku nzuri nakula na kuweka chochote pembeni, ila laki tatu na nusu kwa siku moja sijawahi kuishika ikiwa yangu. Kwahiyo kodi ya mwezi hainishindi jamani, kinachotutoa wengi kwenye nyumba ni ule mkupuo. Mfuko unamlipa mwenye nyumba mwenyewe, hela haipiti mkononi mwako, we unarudisha kila mwezi bila riba. Nilichukua 300,000 nikarudisha 50,000 kila mwezi mara sita, nimepiga hesabu mara tatu nikitafuta wameficha wapi, hamna. Ya dalali tu ndo unajitafutia.

Hilo la riba mchungaji alilieleza kwenye semina, kwamba kitabu cha Kutoka kinakataza kumtoza riba maskini, na kwamba kuna Habitat for Humanity, walianza Marekani 1976, Millard Fuller na mkewe Linda, wakaanza kwa msingi huohuo wa kujenga nyumba na kuuza bila faida wala riba na anayejengewa anatia jasho lake kwenye nyumba yake na ya mwenzake. Nilisinzia kidogo hapo katikati sitadanganya, ila nilipopewa risiti ya kwanza nikakumbuka ile semina.

Kitu ambacho sikukitegemea ni kwamba hawaishii kutoa hela. Wazee wawili wanaenda na mwenyekiti wa mtaa mpaka kwa mwenye nyumba kumuomba achukue miezi mitatu badala ya sita. Ni kumbembeleza tu maana ile sheria ya kudhibiti kodi ya 1984 ilifutwa 2005, hamna wa kumlazimisha. Wa kwangu alikataa palepale, hata chai aliyotenga hakuwapa, ila jirani yangu wa Bomambuzi wake alikubali. Na sasa wanakusanya saini za kupeleka kwa mbunge hili suala la kodi ya mbele liongelewe, nimesaini na nimesainisha na wateja.

Sasa malalamiko. Kile kikao cha kuhojiwa aisee. Wanaume wanne na mama mchungaji, swali la kwanza kabla hata sijakaa vizuri, "mama, kwenu ni wapi?" Nikasema Kibosho. "Sasa kihamba si kipo?" Kipo ndio, baba zangu, hilo shamba la ukoo lipo, ila ni la mdogo wangu wa mwisho wa kiume, na mi nikipanda kule naenda kama mgeni, Desemba nakula mtori nashuka. Upande wa mume niliondoka na watoto wawili na cherehani. Nilijaribu kuwaelewesha wakawa wanaangaliana, mmoja ananiambia siwezi kuitwa sina makazi wakati nina kwetu. Sheria za ardhi za 1999 zinasema mwanamke ana haki sawa ya kumiliki ardhi, mi najua, we kaiseme hiyo kwenye kikao cha ukoo uone utakavyotazamwa. Mchaga ukiwa na shida mjini kila mtu anakurudisha mlimani kichwani mwake, na hao wanaolala pale stendi nao wana kwao, ukiwauliza watakutajia kijiji na mto.

Wakaniambia nilete cheti cha ndoa au barua ya mume. Zikapita wiki tatu. Mkubwa alilala kwa shangazi yake Njoro, mdogo na mimi tukalala kwa rafiki yangu Kiboriloni, asubuhi namtoa gizani awahi shule. Mwishowe mama mchungaji ndo alinipigia akasema njoo na barua ya mtaa na wadhamini wawili, achana na hiyo ya mume.

Lingine, eneo la nyuma ya kanisa ni kubwa na linatumika kupaki Noah Jumapili. Kijana mmoja aliuliza kwenye mkutano mbona California walitunga sheria 2023 ya kurahisishia makanisa kujenga nyumba za bei nafuu kwenye viwanja vyao, sisi tunangoja nini, vyumba kumi vinaingia pale. Akajibiwa ni pa ukumbi wa harusi. Haya.

Nawapa nyota nne, maana kwa mwenye biashara ndogo sijaona pengine pa kupata hiyo hela bila kuongezewa. Wanakaa Alhamisi saa kumi jioni, nenda na barua ya serikali ya mtaa, wadhamini wawili na namba ya mwenye nyumba. Na kama we ni mwanamke uko peke yako tafuta mama mmoja mtu mzima wa jumuiya yako muingie wote ndani, awamu ya pili ndo nilifanya hivyo na habari za kihamba hawakuuliza.