RawTherapee: faili la kuhariri na faili la mteja

Kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikitumia RawTherapee kusindika picha ghafi (RAW, yaani data kama ilivyotoka kwenye kamera) ninazopiga kwenye harusi, vipaimara na mashamba ya chai kati ya Mbeya na Tukuyu. Katika tathmini hii nitajikita kwenye sehemu moja tu ya programu hiyo, yaani mipangilio ya kutoa picha, kwa kuwa hapo ndipo kazi nzuri ya kamera inapoweza kupotea kabla uhariri haujaanza. Programu yenyewe ni ya bure. Aliyeianzisha ni Gábor Horváth wa Hungaria, na tangu mwaka 2010 imekuwa huru chini ya GPL, leseni inayomruhusu yeyote kuitumia na kuibadilisha.

Unapohifadhi picha, unapewa aina tatu za faili: JPEG ya biti 8, TIFF za biti 8, 16 na 32, pamoja na PNG za biti 8 na 16. Kadiri biti zinavyokuwa nyingi, ndivyo ngazi za kila rangi zinavyoongezeka. Wengi wetu huchagua JPEG kwa mazoea, na mimi nilifanya hivyo mpaka asubuhi moja ya masika nilipopiga picha za maharusi wakiwa wamesimama katikati ya chai, nyuma yao ukungu ukiwa umefunika nusu ya Mlima Rungwe. Niliitoa picha kama JPEG, nikaifungua kwenye GIMP, programu nyingine ya kuhariri picha, nikaanza kuukoleza ukungu ili mlima ujitokeze. Badala ya kufifia taratibu kutoka kijivu kwenda cheupe, ukungu ulikatika vipande vipande kama matuta ya shamba la mlimani, na kwenye picha ya sentimita 30 kwa 45 mistari hiyo ilionekana hata ukiwa umesimama mbali.

Sababu yake ni hesabu nyepesi. Biti 8 zina ngazi 256 tu kwa kila rangi, ilhali kamera inayorekodi kwa biti 14 ina ngazi 16,384. Ukizivuta ngazi hizo chache ili kuongeza utofauti wa mwanga na giza, nafasi kati yake huanza kuonekana. TIFF ya biti 16 ina ngazi 65,536, kwa hiyo yote yaliyonaswa na kamera hupata mahali pa kukaa. Nilirudi kwenye faili ghafi, nikatoa TIFF ya biti 16, nikarudia uhariri uleule, na ukungu ukatulia. GIMP hupokea faili la namna hiyo kuanzia toleo la 2.10 la mwaka 2018, hivyo anayetumia toleo la zamani zaidi alibadilishe kwanza.

Gharama yake ni nafasi. Picha ya pikseli milioni 24 katika TIFF ya biti 16 isiyobanwa huchukua takribani megabaiti 144, maana yake picha 300 za harusi moja zingekula zaidi ya gigabaiti 43 za diski. Sioni sababu ya kuzitoa zote hivyo. Mimi hutoa TIFF za picha thelathini hivi za albamu, zile ninazojua kwamba nitazihariri kwa kina, na zilizobaki huzimalizia humohumo ndani ya RawTherapee.

Kuhusu wigo wa rangi, yaani upana wa rangi ambazo faili linaweza kubeba, programu inatoa uhuru mkubwa, ingawa majina yake hayamsaidii anayeanza: RTv4_sRGB ni sRGB, wigo mdogo wa kawaida; RTv4_Medium inalingana na Adobe RGB, ulio mpana zaidi; na RTv4_Large inalingana na ProPhoto, mpana kuliko hizo mbili. Tofauti yake niliiona kwenye maua ya Hifadhi ya Kitulo. Petali za rangi ya chungwa iliyokolea, zikitolewa kwa sRGB, ziligeuka bapa moja lisilo na mishipa wala kivuli. Kwa wigo mpana zaidi, mishipa ilirudi. Kwa kazi zangu nyingi Adobe RGB inatosha, hasa kwa kuwa upana wake uko zaidi kwenye kijani, na huku kwetu kijani ndicho kilichojaa. ProPhoto ni pana mno, na haifai kabisa kuunganishwa na biti 8.

Wigo huo mpana ubaki mezani kwako. Niliwahi kupeleka faili la Adobe RGB kwenye studio ya kusafisha picha hapa mjini, mashine ikalisoma kama sRGB, na sura za watu zikatoka zimepauka kama waliotoka kuugua. Faili la mteja liwe sRGB.

Kupunguza vipimo na kuongeza ukali baada ya kupunguza, vyote huvizima wakati wa kutoa faili la kuhariri, kwani ni kazi za mwisho. Ninachokipenda zaidi ni foleni: unapanga picha zote, unaendelea na shughuli nyingine, na orodha hubaki hata ukifunga programu. Maamuzi yako nayo huandikwa kwenye faili dogo la pp3 kando ya picha, hivyo mteja akirudi baada ya mwaka huanzi upya.

Kwa JPEG ya mwisho, usiishie kupandisha kiwango cha ubora tu. Angalia pia chaguo la kupunguza taarifa za rangi. Lilipokuwa kwenye ubanaji mkubwa, nakshi nyekundu za kitenge cha mama wa bwana harusi zilivujia kwenye shela jeupe lililokuwa pembeni yake. Nilipochagua ubora wa juu, kila ua la kitenge lilibaki na ukingo wake.